Walisema Niliosha Vibaya

Ninyi mnaokuja kunisalimia hapa Kilibula mkiwa na makoti meupe yaliyopigwa pasi, mimi huangalia kwanza kucha zenu. Msikasirike. Ni mazoea ya kazi. Niliingia maabara kama mwosha vyombo, na mwosha vyombo hamwamini mtu mpaka aone mikono yake. Baadaye nilipewa koti, nikapewa na meza yangu, watu wakaniita laborantini, fundi wa maabara, kwa heshima zote, lakini kichwani nimebaki mwosha vyombo mpaka leo.

Juzi mmoja wenu, yule msichana mwenye miwani, aliniuliza kama ni kweli zamani tuliwanywesha wagonjwa virusi. Wenzake wakacheka. Ni kweli, tuliwanywesha, tena kwa kijiko. Na kwa kuwa mlicheka, leo mtasikia yote, pamoja na sehemu ambayo nimekuwa nikiiruka kila ninaposimulia.

Virusi wale hawamgusi mtu. Wanashambulia bakteria tu. Mmoja anajibandika kwenye ukuta wa bakteria, anaingiza ndani kile kiuzi chake cha urithi, na baada ya muda mfupi bakteria anapasuka na kumwaga virusi wengine tele. Ninyi mnawaita bakteriofaji. Sisi tuliwaita walaji, kwa sababu ndivyo tulivyoona kazi yao: leo unaweka chupa ya supu iliyochafuka kwa wingi wa vidudu vya kuhara damu, unadondosha matone ya walaji, kesho supu inang'aa kama maji ya mtungi. Mara ya kwanza kuona jambo hilo nilidhani kuna mtu amenibadilishia chupa ili anicheke.

Aliyenifundisha ni Baba Anzuruni, laborantini mkubwa, mtu mrefu, mwenye mdomo mkali na moyo laini, ingawa moyo huo aliuficha vizuri. Ndiye aliyenifundisha kwamba chombo kinasuuzwa mara saba, ya mwisho kwa maji yaliyochemka, kisha unakinusa. Nilipokuwa mgeni niliona suuza saba ni mateso ya bure, nikasuuza tatu. Kesho yake supu yangu ikawa safi, nikapiga vigelegele kwamba walaji wangu ni wakali kuliko wake. Baba Anzuruni akainusa chupa, akaniangalia, akaniuliza kama nimepika sabuni au dawa. Sabuni ndiyo iliyoua vidudu. Walaji hawakuwa hata wameanza kazi. Tangu siku hiyo nilisuuza mara nane, moja ya zawadi.

Walaji tuliwapata wapi? Mtauliza tu. Kwenye choo cha mgonjwa aliyeanza kupona. Unachanganya na maji, unapitisha kwenye chujio la udongo wa kauri ambalo tuliliita buji, kwa sababu lina umbo la mshumaa. Matundu yake ni madogo mno hata bakteria hapiti, lakini mlaji anapita. Kinachodondoka chini ni maji meupe yasiyo na harufu, na ndani yake kuna walaji tu. Hivyo ndivyo tulivyoamini. Walaji tu.

Ila lazima umlishe mlaji. Kila mara vinapoingia vidudu vya mgonjwa mpya, unampa avile, ili asisahau kazi. Tulisema hivyo hivyo, kumlisha mlaji, kama mtu anavyolisha mbuzi wake uani.

Wagonjwa nao walikuwa na jina lao. Waliiita dawa ya mavi, na ni nani angewalaumu? Ndiyo maana Baba Anzuruni alileta desturi ya pombe ya ndizi ndani ya hospitali. Huku kwetu anayekuletea pombe huonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Akikuletea bila kuonja, una haki ya kukataa, na hakuna atakayekuita mkorofi. Basi Baba Anzuruni alikuwa akienda kitanda hadi kitanda na chupa yake, anakunywa kijiko kimoja, anapangusa mdomo, halafu anamimina cha mgonjwa. Alisema hakuna karatasi ya Mzungu inayoshinda kijiko hicho.

Uhuru ulipofika, daktari wetu Mzungu alifunga sanduku moja, akamkabidhi Baba Anzuruni funguo, akasema anarudi baada ya majuma mawili. Tulipangusa kiti chake kila asubuhi kwa muda mrefu. Baadaye tukaacha kupangusa. Baadaye Baba Anzuruni akaketi juu yake, kwa aibu kidogo, kama mtu anayejaribu viatu vya marehemu. Na mimi nikahamishwa kutoka kwenye karai la kuoshea nikapewa meza. Vyombo niliendelea kuosha mwenyewe. Sikutaka mwingine aguse.

Kisha ukaja uasi. Sitawaeleza nani alimpiga nani, wazee wenzangu watawaeleza, kila mmoja kivyake. Mimi nitawaambia ulivyoonekana kutoka mezani kwangu: barabara ya Bukavu ilifungwa, na vitu vikaanza kwisha kimoja kimoja. Mafuta ya taa ya kupashia lile sanduku la joto ambamo tuliotesha vidudu. Sabuni. Jelozi, ule uji unaoganda sahanini ambao vidudu vinaota juu yake. Na streptomisini, dawa pekee ya kuhara damu tuliyokuwa nayo, zikabaki chupa chache ndani ya kabati, na funguo shingoni mwa Baba Anzuruni.

Watu wa bondeni walikimbilia mjini na walichoweza kubeba. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Luberizi na kuku wawili na malalamiko. Alilalamikia mchele wangu, akalalamikia jinsi ninavyomfunga mtoto mgongoni, akasema mwanawe amekonda tangu anioe. Siku ya tano akaacha kulalamika, nikajua anaumwa kweli. Kufikia jioni alikuwa anahara damu, na wodi ilikuwa imejaa wenzake.

Mpango wa Baba Anzuruni ulikuwa mzuri. Streptomisini haiwatoshi wote kwa kipimo kamili. Basi kila mgonjwa apewe kwanza walaji, wapunguze vidudu, kisha dawa kidogo imalizie. Akaniambia niandae chupa mpya ya walaji wakali.

Niliwalisha kwa vidudu vya mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe kutoka Mutarule. Nilivichagua kwa sababu vilikuwa vinaota haraka na vizito, na mafuta ya taa hayakuniruhusu kungoja. Nilijua kwamba vidudu vyake havisikii streptomisini. Mzee yule alikuwa amedungwa sindano za streptomisini miezi na miezi kwa sababu ya kifua, na vidudu vya tumboni mwake vilikuwa vimeizoea. Lakini hilo lingenihusu nini? Vidudu vyake vyote vingeliwa, na kama kungekuwa na mabaki, buji lingeyazuia. Mnaona hesabu yangu ilivyokuwa safi.

Nilipomaliza kuchuja nilijaribu chupa. Nilichukua vidudu vya mama mkwe, nikavichanganya na walaji ndani ya kijitungi cha kioo, nikangoja, kisha nikapaka mchanganyiko huo sahanini nione kama kuna kilichosalia. Lakini sahani zisizo na dawa zilikuwa zimekwisha, na jelozi kidogo iliyobaki Baba Anzuruni alikuwa ameiweka akiba. Nilitumia iliyokuwapo, ambayo jelozi yake ilikuwa imechanganywa na streptomisini kwa ajili ya kipimo kingine. Nikajiambia si neno. Vidudu vya mama mkwe tulikuwa tumevipima, vinakufa kwa dawa hiyo. Kwa hiyo vitauawa mara mbili.

Kesho yake, jua likielekea milimani, nilifungua sanduku. Sahani ilikuwa na vidoti. Vichache, vya mviringo, vyenye afya, vimekaa juu ya dawa bila wasiwasi wowote.

Nikampelekea Baba Anzuruni. Hakuigusa.

"Ulisafisha mubaya," akasema. "Iko buchafu tu. Tupa."

"Baba, minye nilisafisha muzuri."

"Sasa bilitoka wapi? Bilianguka mbinguni? Tupa, mama Riziki. Kesho tunaanza kupa bantu dawa."

Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mngesema mngebishana, kwa sababu mmesoma. Mimi nilikuwa na madarasa mawili ya shule na miaka ya karai. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho, usafi wangu, na aliyenipa sifa hiyo ndiye aliyekuwa akininyang'anya. Niliwaza kwamba nikiendelea kusema, wodi nzima itasikia kwamba mama Riziki ni mchafu. Nikanyamaza. Ila sahani sikuitupa. Niliifunika kwa kitambaa nikairudisha sandukuni.

Asubuhi tukaanza mzunguko. Kitanda cha kwanza alikuwepo Bahati, mvuvi wa Kalundu, kijana aliyeoa mwaka ule ule, ambaye hata akiwa na homa aliwatania wauguzi kwamba ndagala wa hospitali, hao dagaa wetu wa ziwani, ni wembamba. Baba Anzuruni akanywa kijiko, akammiminia chake. Bahati akakunja uso, akasema amewahi kunywa pombe mbaya zaidi harusini kwake. Kitanda cha pili alikuwa bibi mmoja muuza mihogo. Baba Anzuruni akanywa, bibi akanywa. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika sinia.

Kitanda cha tatu alikuwa mama mkwe.

"Weye sikujue," akamwambia Baba Anzuruni. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba, lakini ukali wake ulikuwa mzima. "Ile dawa ilitengenezwa na mukwe wangu. Akunywe yeye."

"Mama, iko ile ile. Minye nimeisha kunywa kwa bitanda bibiri."

"Minye nimesema yeye."

Baba Anzuruni akacheka, akanipa kijiko. Nikakipeleka mdomoni. Kikanishinda. Sikuogopa kuumwa, mimi nilikuwa mzima. Ila kuonja ni kusema neno. Ukionja umesema: nakuapia, hiki hakina kitu. Na mimi niliiona ile sahani imefunikwa kwa kitambaa, nikamwona na huyu mama aliyemzaa mume wangu akinitazama kwa macho yaliyoingia ndani. Nikashusha kijiko.

"Mama Riziki, kunywa. Bantu beko banangojea."

"Baba, siwezi."

Mama mkwe akajiinua kwa kiwiko. "Munaona? Anaogopa. Basi iko sumu!"

Sitasahau uso wa Baba Anzuruni. Mbele ya wagonjwa wote nilikuwa nimemwita mwuaji bila kulitamka neno lenyewe. Alinivuta hadi maabara, akafunga mlango, akaniuliza kama nimepata wazimu. Nikatoa sahani. Nikamwambia niliosha vizuri, niliosha vizuri, niliosha vizuri. Ndilo neno pekee nililokuwa nalo. Sikuwa na elimu nyingine.

Aliigeuza sahani kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akasema, kwa hasira bado, "Muzuri. Tuoneshe kama ulisafisha." Na hapo akafanya jambo linalonifanya nimheshimu mpaka leo. Badala ya kubishana na mimi, aliiuliza sahani. Tulikusanya jelozi yote iliyobaki, ikatosha sahani tatu, zote tukazitia streptomisini. Ya kwanza tukaweka maji ya walaji peke yake: kama vidudu vya mfanyabiashara vimepenya buji, au kama mimi ni mchafu, vitaota hapo. Ya pili tukaweka vidudu vya mama mkwe peke yake, tuone kama bado vinakufa kwa dawa. Ya tatu tukaviweka vyote viwili pamoja. Chupa ya walaji ikafungiwa kabatini, na kuanzia siku ile mama mkwe na wengine wakapewa streptomisini tupu, kwa kipimo pungufu.

Kesho yake sahani ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa tupu. Ya tatu ilikuwa na vidoti.

Baba Anzuruni hakuridhika. Alichukua vidoti akavijaribu kwa tone la serumu, ambayo huvikusanya vidudu vya aina moja mabongemabonge na vya aina nyingine huviacha. Vya mfanyabiashara haikuvikusanya. Vya mama mkwe ilivikusanya. Vidoti vikakusanyika. Vilikuwa vidudu vya mama mkwe, kabila lao lile lile, lakini sasa vilikuwa na ukaidi wa vidudu vya mzee wa Mutarule ambavyo havijawahi kukutana navyo. Kati yao alipita mlaji peke yake.

Akaketi. "Kumbe huyu mulaji hakulaka tu," akasema polepole. "Anabebaka bitu." Kisha akanigeukia. "Unisamehe, mama Riziki. Ulisafisha muzuri."

Nililia, na ninawaambia wazi, nililia kwa furaha. Nilifurahi kwamba mimi si mchafu.

Jina la jambo lile nililijua miaka mingi baadaye, mafunzoni, daktari mmoja alipoandika ubaoni neno refu la Kifaransa. Nililinakili daftarini, na lilibaki humo humo. Maana yake ndiyo niliyoishika. Virusi wanapozaliana ndani ya bakteria, kila mmoja mpya anajazwa kiuzi cha urithi kichwani kabla ya kutoka. Bakteria kwa wakati huo amevunjika, vipande vya urithi wake vimetapakaa, na katika haraka ile baadhi ya vichwa hujazwa vipande vyake badala ya vya virusi. Wanafunzi wenzangu hawakuelewa inawezekanaje. Mimi nilielewa mara moja. Siku tulipokimbia mizinga tukielekea Burundi, jirani yangu alibeba furushi langu akaacha lake, hakugundua mpaka tulipofika na kufungua. Kirusi wa namna hiyo akifika kwa bakteria mwingine hawezi kumwua, maana silaha zake aliziacha alikotoka. Anachomwaga ndani ni mali ya watu. Ikiwa mali hiyo ni kinga dhidi ya dawa, mwenye nyumba mpya ataitumia, atawarithisha na watoto wake.

Na msidhani haya yalikwisha na walaji wetu. Kipindupindu hiki mnachokipima kila masika, ile sumu yake inayomkausha mtu kwa siku moja, maagizo ya kuitengeneza yaliletwa ndani ya bakteria yule na kirusi. Vidudu havisubiri kuzaa ili kubadilika. Vinapelekeana.

Sasa ile sehemu ninayoiruka.

Mama mkwe alipona kwa streptomisini. Bibi wa kitanda cha pili alipona pia, ingawa alikunywa kijiko. Bahati hakupona. Tulimpa streptomisini kama wengine, hata Baba Anzuruni akamwongezea ya ziada, haikumsaidia. Alipofariki tulipima vidudu vyake kwa jelozi tuliyoiyeyusha upya kutoka zile sahani mbili tupu, na dawa havikuisikia. Mtaniuliza kama kabla ya kijiko viliisikia. Hatujui. Hatukuwa tumevipima, jelozi ilikuwa haba. Pengine aliingia hospitali navyo hivyo hivyo. Pengine mwili ulikuwa umechoka tu. Nimeihesabu kesi hiyo kwa kila njia, na kila mara nafika mahali ambapo sahani moja inakosekana, nayo haiwezi kutengenezwa tena. Pimeni kabla, wajukuu zangu. Hata kama ni kwa jelozi ya mwisho.

Baba yake alipokuja kumchukua, Baba Anzuruni angeweza kusema ni ugonjwa, na lisingekuwa neno la uongo. Hakusema hivyo. Alimketisha kwenye kile kiti cha daktari, yeye akabaki amesimama, akamweleza kuhusu chupa, jinsi nilivyokataa kuionja kwa mama mkwe, na kwamba tumeimwaga. Yule mzee, mikono yake imepasuka kwa kamba za nyavu, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mulijua lini?" akauliza.

Baba Anzuruni akaniangalia. Nikajibu mimi.

"Jana yake, baba. Niliona jana yake, mangaribi."

"Na kwa mutoto wangu ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa mama mukwe wako njo ulisema."

"Njo pale nilisema."

"Sababu gani?"

"Niliogopa bataniita muchafu," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa jambo dogo kuliko alivyotarajia. Aliinuka, akakunja mkeka wa mwanawe, akauweka begani.

"Ungekubali tu bakuite muchafu, mama," akasema, na akatoka.